Kopo la Dharura

Jumatatu, 8 Agosti 1910. Kwaluguru.

Barua imefika kutoka Dar es Salaam. Mwanangu Hajira amejifungua mtoto wa kike! Arobaini ni Jumatatu ijayo. Meli inaondoka Tanga Jumamosi jioni, na baada ya hiyo hakuna nyingine mpaka mwezi ujao. Mama mkwe wangu, Bibi Amne, amesema atakwenda hata kwa kutambaa. Mke wangu Mwantumu alikuwa mtoto wake wa pekee, na tulimzika Mei mwaka jana. Anataka kumpakata kitukuu kabla naye hajafuata. Nimemwahidi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda meli. Nimeanza kujiandaa. Mwantumu alikufa kwa homa ya siku tatu, na ndani tulikuwa na chumvi na asali nusu kibuyu tu. Sitakutwa mikono mitupu tena.

Vibuyu sita vitupu, midomo nimeiziba kwa nta. Meli ikizama, tutaelea. Unga wa siku tisa. Kwinini, dawa ya homa. Kamba. Filimbi ya kuitia watu. Shoka, tukitupwa kisiwani.

Jumanne, 9 Agosti.

Isihaka amekuja. Ni mtani wa ukoo wetu. Mtani akichukua kitu chako humkasirikii, unacheka. Siku ya mazishi ya Mwantumu alishuka akalala kaburini, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Nilijishangaa.

Leo ameizunguka mizigo yangu akauliza kama nakwenda kumwona mjukuu au nahamisha kijiji. Akachukua shoka. Akachukua filimbi, akaipuliza njia nzima hadi kwake! Tena ametangaza kwamba atatusindikiza mpaka Korogwe, asije mtani wake akaliwa na garimoshi bila shahidi.

Kopo langu la dharura, lenye nauli yetu yote, limo hatarini. Lakini nina akili. Kuna mahali pamoja ambapo hata Isihaka hagusi: furushi la nguo za Bibi Amne. Alipokwenda kisimani nimelichomeka kopo katikati kabisa, huku nimefumba macho kwa adabu.

Jumatano, 10 Agosti. Njiani.

Tumeondoka alfajiri. Kufika mchana Isihaka alikuwa na asali yangu na mwavuli wangu. Hakukuwa na jua wala mvua, ila aliufungua. Nilicheka kuliko yeye, kwa sababu ya kopo.

Jioni nimekumbuka jambo. Kuweka niliweka. Kutoa je? Mkwe hamwambii mama mkwe afungue furushi la nguo zake. Hata kulitaja ni aibu. Tangu nioe, mimi na Bibi Amne tunazungumza kila mtu akitazama upande wake.

Nitapata njia. Bado siku mbili.

Alhamisi, 11 Agosti. Njiani.

Nimeuambia mti kwamba upepo wa leo ni mkali, wazee wangetafuta nguo ya kujifunika. Bibi Amne ameuambia mti uleule kwamba yeye hasikii baridi.

Baadaye nikapiga kelele kwamba nge ameingia kwenye furushi. Nilitegemea atalikung'uta. Badala yake Isihaka amelitandika fimbo kumi. Kopo likalia! Nikakohoa kwa nguvu. Bibi Amne naye akakohoa. Vumbi, nadhani.

Ijumaa, 12 Agosti. Korogwe.

Tumefikia karibu na mto. Kwa kuwa sijapata njia ya kulitoa kopo, nimeona nishughulike na hatari nyingine kwanza. Nimejifunga vibuyu vinne kiunoni, nikaingia majini kuvijaribu.

Vinaelea! Vinaelea vizuri mno. Kiuno kilikwenda juu, kichwa kikaenda chini. Isihaka alinivuta kwa mguu. Wanawake waliokuwa wakifua walimuuliza huyu ni samaki gani, akawaambia ni kambare wa Handeni, hana nyama.

Vya Bibi Amne nitavifunga kwapani. Yaani, nitamwomba mtu amfunge.

Jumamosi, 13 Agosti. Tanga, bandarini.

Siku ya aibu. Naiandika yote.

Asubuhi stesheni ya Korogwe. Karani dirishani akasema nauli. Nikamwambia asubiri. Bibi Amne alikuwa amekaa juu ya furushi lake. Nikatembea kumzunguka mara tatu. Garimoshi likapiga king'ora. Karani akasema asiye na nauli arudi shambani.

Nikamwona Bibi Amne anafuta macho kwa ncha ya kanga. Basi nikamvuta Isihaka pembeni, nikamweleza. Nilimsihi aseme kwa upole.

Akapanda juu ya gunia la mtu akapaza sauti: "Jamani, watu wa Korogwe! Bibi huyu ametiwa mkono kwenye nguo na mkwewe!"

Stesheni nzima iligeuka. Nilitamani mto.

Bibi Amne akacheka. Alicheka mpaka akainamia magoti. Sijamsikia akicheka tangu Mei ile. Akamwambia Isihaka kwamba kopo alilikuta usiku wa kwanza. Lakini mama mkwe atamwambiaje mkwewe kwamba ameona kitu chake kati ya nguo zake? Alikuwa anangoja nitume mtu. Siku tatu! Leo aliona tutaachwa, na bado mdomo ulikataa.

Kopo likapita kwa Isihaka, likanifikia. Tuliparamia behewa likiwa linaanza kwenda. Isihaka alibaki na unga wa siku tisa.

Jumapili, 14 Agosti. Baharini.

Meli haijazama. Nimetapika tangu usiku. Vibuyu vina midomo midogo, havifai. Bibi Amne hajambo. Amekaa anatazama maji na kula mkate wa mabaharia.

Jumatatu, 15 Agosti. Dar es Salaam.

Tumewahi. Mtoto ametolewa nje asubuhi. Bibi Amne alimpokea, akamnusa kichwani, akakaa naye chini. Akina mama walipoomba nao wampakate, hakusikia. Mpaka adhuhuri hakusikia. Wamempa jina Mwantumu. Kila anapoitwa, mimi nageuka.

Sasa nafikiria kurudi. Nauli ya kurudi haiwezi kukaa ovyo katika mji wenye watu wengi hivi, na nguo za mama mkwe sizigusi tena. Nimejifunza! Nimeichomeka chini kabisa ya sanduku la Mbwana, mume wa Hajira, ambaye ni baharia. Sikumwambia, nisije nikamtia wasiwasi. Ni kijana mwangalifu: haendi popote bila sanduku lake, na kesho alfajiri anasafiri Kilwa.