Jina Langu kwenye Kompyuta

Jumatatu, 6 Machi 1995
Kompyuta imefika. Moja, kwa sisi wakubwa sita wa ofisi za serikali. Mwalimu ni Mama Georgette, katoka Lubumbashi. Amesema Ijumaa atatupima, na wa kwanza ataongoza idara mpya ya kompyuta. Casimir wa ofisi ya ardhi ameshakalia kiti cha mbele. Mimi nimejitolea kuandika ripoti ya tathmini. Mwenye kalamu hashindwi.

Jumanne, 7 Machi
Umeme hakuna. Wanasema ni bwawa la umeme la Mwadingusha tena. Tumefundishwa kwa mdomo. Nyumbani, mke wangu Mathilde kachukua karatasi ya somo, kachora herufi zote za mashine kwenye katoni ili nijizoeze. Nikamwambia kiongozi habonyezi, anaongoza. Basi akaiweka mapajani, akaniomba nitaje herufi, yeye atafute. Tukacheza hivyo mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa. Miaka ishirini na miwili naishi naye, sikujua vidole vyake vina mbio namna ile.

Alhamisi, 9 Machi
Nimetunga maswali ya mtihani mwenyewe, yale ninayoyaweza. Mfano: kiongozi mwema anafika kazini saa ngapi? Mama Georgette aliyasoma yote, akaikunja karatasi taratibu. Akasema kila mtu ataandika jina lake na cheo chake, basi.

Ijumaa, 10 Machi
Umeme umerudi. Casimir kamaliza kwa dakika tatu. Mimi, Théophile, jasho linanitoka, nimefika “Teof”. Hapo Mathilde akaingia na chakula changu. Nikawaambia haraka huyu ni sekretari wangu, naongoza kupitia kwake. Mama Georgette akamvutia kiti. Mathilde akafuta mikono kwenye kitenge, akaandika jina langu lote na cheo, bila kosa. Halafu chini yake, jina lake.

“Baba Glodie, ona,” akaniambia. “Majina yetu iko pamoja.”

Casimir mwenyewe alipiga makofi. Idara kapewa Casimir huyo.

Jumamosi, 11 Machi
Ripoti tayari. Nimeandika mafunzo yalifaa, isipokuwa mtihani. Mathilde kaniambia Mama Georgette yuko tayari kumpokea yeye kama mwanafunzi. Nimesema tutaona. Mwezi wa tano kuna mafunzo ya daraja la pili, Lubumbashi. Nimejiandikisha mimi. Nimeomba pia ruhusa ya kwenda na mke wangu: tumbo langu halivumilii chakula cha ugenini.