Mataruma Manane kwa Mpigo Mmoja

Jumatatu, 9 Machi

Boti ya marehemu baba mkwe imeingia uani kwangu! Ya faiba, kuukuu, nyeupe iliyogeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Mama mkwe ametoa tamko mbele ya wote: Jumamosi anataka kuvuka ziwa kwa boti hiyo, aende kwa dada yake ng'ambo, ambaye hawajaonana tangu msiba. Atakayemvusha, boti ni yake. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi boti kwa kazi, alinitazama kama anayemwona mbuzi ameshika usukani.

Kasoro ni ndogo. Mataruma yameoza, basi. Ni zile mbao nene zilizofichwa chini ya sakafu, zinazoshika tumbo la boti lisilegee. Nimechoma bisibisi, ikazama kama kwenye keki. Shemeji akasema niegemeze boti vizuri pande zote, nipime taruma moja, nilitoe, niweke jipya, ndipo nifuate la pili. Moja moja! Alisema hayo ameshika tepu yake ya kupimia, ambayo nadhani hulala nayo. Nimembatiza Bwana Vipimo.

Jumanne, 10 Machi

Nimewaza. Mataruma ni manane. Moja kwa siku ni siku nane. Jumamosi iko siku nne mbele. Hesabu hii Bwana Vipimo anaijua fika. Hujuma! Hujuma iliyovaa ovaroli! Nimesoma historia ya mapinduzi yote yanayofaa kusomwa, na hakuna hata moja lililofanywa moja moja.

Nimeazima msumeno wa umeme. Yote manane nje kabla ya chakula cha mchana! Nikayachoma moto, Bwana Vipimo asije kuyafanyia uchunguzi. Kuegemeza nako sikusahau: kulia tairi la gari, kushoto ndoo ya plastiki iliyopinduliwa. Mke wangu alipita na beseni la nguo, akauliza vipimo vya mataruma ya zamani nimeviandika wapi. Nikamjibu viko kichwani. Akasema anaomba huko nako kusiwe kumeoza.

Jumatano, 11 Machi

Ndoo imepasuka. Boti imeketi kidogo upande wa kushoto. Kidogo tu! Nimeitazama nikiwa nimeinamisha kichwa, ikaonekana imenyooka kabisa. Vipimo vya mataruma mapya nimevichukua hivyo hivyo ilivyokaa. Mbao ikiingia, imeingia. Mengine yote ni urasimu.

Duka la mbao linasema ningoje hadi wiki ijayo. Kungoja! Nyumbani tuna kitanda cha wageni. Mbao ngumu, kavu, zimepigwa vanishi. Wageni nawaheshimu sana, ila hatuna.

Alhamisi, 12 Machi

Tuna mgeni. Mama mkwe amewasili na begi. Atalala kwetu hadi Jumamosi, asije akachelewa safari. Akapelekwa chumbani. Godoro sakafuni. Nikaeleza kwamba kwa mgongo hakuna dawa kama sakafu. Mke wangu alitazama godoro, akatazama boti kupitia dirishani, akanitazama mimi. Miaka kumi na tisa ya ndoa: jicho lile nalifahamu, lina meno.

Kazi imesonga. Gundi ya faiba huchanganywa na dawa ya kukausha, na maelezo kwenye kopo yanataka matone. Matone! Nikamimina. Gundi ikafuka moshi, ikaganda pamoja na brashi, imesimama wima kama mlingoti. Mchanganyiko wa pili ulikubali. Nimebandika mataruma yote manane, nikayafunika kwa nguo ya nyuzi za faiba. Suruali yangu ya kaki nayo imebandikwa. Ilibidi niiache humo na kuzunguka nyuma ya nyumba kwa staha zote. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba.

Ijumaa, 13 Machi

Sakafu imerudi. Mfuniko wa mashine unagoma, umeacha mwanya wa vidole vitatu. Nimeukalia. Umefunga.

Bwana Vipimo amekuja kupeleleza. Alizunguka boti mara mbili, akachuchumaa kwa nyuma, akafumba jicho moja. Eti shemeji, boti yako imetega sikio upande wa kushoto. Wivu! Alipochomoa tepu nikamwambia uani kwangu hazichomolewi. Akamgeukia mama yake, akamsihi asipande. Mama mkwe akajibu kwamba mkwe wake ameahidi, dada ameshapigiwa simu, na gauni ambalo marehemu alilipenda limeshapigwa pasi.

Hapo, nakiri, nilirudi kuukalia mfuniko. Kidogo.

Jumamosi, 14 Machi

Imeelea! Hakuna tone lililoingia! Bwana Vipimo akatufuata na boti yake, eti anapunga upepo.

Nikaongeza moto. Boti ikaenda kushoto. Nikakata usukani wote kulia. Ikaendelea kushoto, ila kwa adabu zaidi. Dada yake mama mkwe alikuwa ng'ambo, anapunga leso. Tukamkaribia, tukampita, tukarudi tulikotoka. Tukamkaribia tena. Akapunga tena. Mzunguko wa nne alikuwa ameketi, leso mapajani.

Mama mkwe akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: "Mkwe wangu, uliahidi kunivusha. Hukuahidi kunizungusha."

Bwana Vipimo akarusha kamba. Tumevuka tukivutwa. Wale dada wawili walikumbatiana hadi nikalazimika kukagua mfuniko wa mashine, ambao ulikuwa umefunguka tena. Kisha hukumu: boti ni ya Bwana Vipimo. Mimi kiti cha mbele ni changu siku zote, mradi nisiguse chochote. Atayang'oa mataruma yangu na kuanza upya, moja moja. Mbao za kitanda ataturudishia. Suruali pia, akifanikiwa.

Jumapili, 15 Machi

Siku ya kujihoji. Nimepitia kila hatua bila kujipendelea, na kosa nimelipata. Ndoo! Ndoo ya plastiki! Ingekuwa ya chuma, leo wangekuwa wananiita nahodha.

Mke wangu amegundua mchwa kwenye nguzo za baraza, zile nne zinazobeba paa. Kaka yake atakuja Jumamosi kuzibadilisha. Moja moja, amesisitiza, huku akinitazama. Kisha akamsindikiza mama yake, tuliyerudi naye jana jioni, nyumbani kwake. Atarudi saa kumi.

Nguzo ni nne tu. Msumeno sijaurudisha. Na ndoo ya chuma ipo jikoni.