Kisanduku Changu cha Muziki na Hila za Denzil Oates

Jumatatu, 16 Oktoba

Wiki ya taka kubwa imeanza hapa Moonta, Australia. Mtaa mzima umetoa magodoro, viti vilivyovunjika na mashine za kufulia, vyote vimepangwa kwenye nyasi mbele ya nyumba vikisubiri lori la halmashauri. Nami nimetoa redio ya mke wangu Glenys. Ile kubwa ya santuri na kaseti, inayokula nusu ya sebule. Nimeitoa mwenyewe akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mke akiwepo, jambo dogo linageuka mjadala.

Sababu ninayo. Kikompyuta changu kimefika kwa posta. Ubao mmoja tu, mdogo kama pakiti ya sigara, bei ya kutupa. Unaufunga kwenye spika, unauunganisha na mtandao wa nyumbani, basi. Muziki wote wa nyumba unatii simu yako ukiwa umekaa kitini. Kaseti zote za Glenys nimeshazinakili kwenye kadi ya kumbukumbu ya kikompyuta hicho. Jirani yangu Denzil Oates alinunua chake dukani, kimetengenezwa tayari, kwa bei ya gari, na tangu Pasaka hajaacha kukitaja. Atanyamaza.

Maji ya chai hayajachemka, redio haipo kwenye nyasi. Sikuona aliyeichukua. Mwendo wa haraka mno ule. Mtu alikuwa anavizia.

Glenys karudi, kaona pengo sebuleni. Hakupiga kelele, jambo lililonitia shaka. Alisema Jumapili anaimba peke yake kwenye tamasha la ukumbi wa kanisa, kwa mara ya kwanza, baada ya maisha yake yote kusimama safu ya nyuma. Mpiga piano yuko Adelaide, anatibiwa jicho, ndiyo maana alimwachia muziki wake kwenye kaseti afanyie mazoezi. Na kaseti ilikuwa wapi? Ndani ya redio.

Nikamtuliza. Nakala ninayo. Nikamwambia kufikia Jumatano nyumba nzima itaimba. Akasema Jumatano ni mbali.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimempata mwizi. Ila kisheria si mwizi. Asubuhi nilikuwa bandani nikichomelea nyaya, nikasikia piano kutoka ng'ambo ya uzio. Piano ile ile! Kisha sauti ya mke wangu juu yake.

Denzil ndiye aliyeokota. Mtu mwenye mtambo wa bei ya gari anaokota redio kuukuu ya nini? Na Glenys yuko jikoni kwake anafanya mazoezi, tena kwa vikeki vya scone vya moto na jamu.

Kuidai siwezi. Kitu kikishagusa nyasi ni cha mwenye mikono. Hakuna aliyewahi kuomba kitu chake kirudishwe mtaa huu, nami sitakuwa wa kwanza. Wangenicheka mpaka Krismasi. Denzil anaijua fika kanuni hiyo, na ndiyo anayojifichia.

Glenys aliporudi nilimuuliza kwa upole walizungumza nini. Akasema, "Tulizungumza scone, Clem." Jibu fupi sana.

Jumatano, 18 Oktoba

Kisanduku kimekamilika. Nimekiwekea kasha la bati la biskuti, limependeza. Taa ya kijani inawaka.

Kikwazo kimoja tu kilitokea. Mtandao wetu haufiki bandani, unaishia kwenye friji. Wa Denzil unafika vizuri kabisa. Neno lake la siri ninalo tangu alipokwenda Queensland nikamlishia kuku. Ni jina la mbwa wake marehemu. Nimeutumia huo kwa muda tu, mpaka nitakapopata nafasi ya kubadilisha. Huo si wizi. Mawimbi yake yanaingia bandani kwangu kila siku bila kubisha hodi.

Kikaimba. Sauti safi. Nilisimama katikati ya banda nikiwa na bisibisi mkononi na nusura nilie kwa furaha. Nimekihamishia jikoni, kiko juu ya kabati. Glenys akasikiliza, akakiri ni kizuri. Akauliza kama kitacheza pia Jumapili, maana kiongozi wa kwaya, Bi Thelma, anatafuta cha kuchezea ile piano ya kaseti ukumbini. Nikasema kitacheza Jumapili na siku zote zitakazofuata.

Alhamisi, 19 Oktoba

Tumeingiliwa.

Tulikuwa tunakula mkate na mayai. Glenys akaimba mstari wa kwanza akifuata piano ya kisanduku, vizuri tu, mara piano ikakatika na bendi ya matarumbeta ikapiga kwa nguvu zote. Sina matarumbeta kwenye kadi. Siyapendi. Mtaa huu anayapenda mtu mmoja, na alipiga tarumbeta kwenye bendi ya mji ujana wake wote.

Kwa hiyo Denzil ana njia ya kuingia nyumbani mwangu. Nilikizungushia kisanduku karatasi ya bati ambayo Glenys aliiweka kwa ajili ya kuokea pasti zake za nyama. Matarumbeta yakaendelea, sasa ndani ya bati. Nikapanda ngazi nichungulie uzio nione anafanya nini. Magpai wa kwenye mti wake, ndege yule anayeshambulia vichwa vya watu majira haya, alinishukia mara mbili. Sidai kwamba amemfundisha. Nasema tu kwamba Denzil mwenyewe hupita chini ya mti ule kila siku na hajawahi kuguswa.

Glenys alinipaka dawa kisogoni. Akauliza kwa nini nisimuulize tu Denzil. Nikamwambia huwezi kumwonyesha adui kwamba umemshtukia. Akachukua koti akaenda kwa adui kufanya mazoezi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Denzil ameniita kwenye uzio. Mnyenyekevu mno leo. Akasema, "Jirani, nisaidie. Tangu juzi simu yangu inaonyesha spika mpya, jina lake Clem. Nikiibonyeza kwa bahati mbaya, muziki wangu unapotea jikoni. Sijui unakwenda wapi."

Nilielewa papo hapo. Kisanduku changu kiko kwenye mtandao wake, kwa hiyo simu yake inakihesabu kuwa ni chake. Lakini ningekiri vipi? Ningelazimika kueleza habari ya kuku na mbwa. Nikamjibu kwamba Clem ni jina la kawaida sana nchini Australia.

Akaniangalia kidogo. Kisha akasema redio aliichukua isinyeshewe tu, maana alijua ni ya Glenys, na nikitaka anarudisha sasa hivi. Au Jumapili aipakie kwenye pikapu yake aipeleke ukumbini, kaseti ikiwa ndani.

Mtu harudishi kitu bure. Nikamshukuru nikakataa.

Mtandao nitabadilisha kesho.

Jumamosi, 21 Oktoba

Leo sikupata nafasi, nilikuwa nalipaka kasha rangi ya dhahabu.

Bi Thelma alipiga simu. Anataka Denzil alete redio iwe akiba, ikitokea kitu. Nikamuuliza kitu gani. Akasema hajui, Clem, kitu chochote. Nikamwambia akiba ni kwa watu wasiojiamini. Akauliza kama Glenys anajua ninavyosema. Nikasema Glenys ananiamini kabisa.

Glenys alikuwa anakunja kingo za pasti. Alisema bila kugeuka, "Mwenzangu, mimi sitaki dhahabu. Nataka kicheze tu. Ninaogopa sana." Nikambusu kwenye nywele. Nikamwambia muziki amwachie mume wake.

Jumapili, 22 Oktoba

Ukumbi ulijaa, viti vikaongezwa mlangoni. Kila familia ilileta sahani yake ya chakula na sahani ya Denzil ilikuwa kubwa kuliko zote. Sikuigusa.

Glenys akapanda jukwaani na gauni la buluu, mikono imefumbatana. Bi Thelma akanipa ishara. Nikabonyeza simu.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Taa ya kijani kwenye kasha la dhahabu ilikuwa inapepesa. Nilijua inatafuta nini. Inatafuta mtandao wa Denzil, ambao uko nyumbani kwa Denzil, mitaa kadhaa kutoka pale ukumbini. Bila mtandao simu yangu haiwezi kukipa amri yoyote.

Nikaingia chini ya meza kama mtu anayekagua waya. Kutoka pale nilimwona Denzil vizuri, ameketi mbele, mkono wake wa kulia mfukoni. Mfuko wa simu. Akili yangu ikafanya kazi haraka. Vipi kama amekuja na mtandao wake mfukoni, na amekifunga kisanduku makusudi? Sikumwondolea macho. Alipokohoa nilimwona. Alipotoa mkono nilimwona, ulikuwa na leso, akajipangusa macho. Ujanja mtupu.

Ghafla makofi. Nikajigonga kichwa mezani. Watu wamesimama, Denzil wa kwanza, Bi Thelma analia waziwazi. Kumbe Glenys alikuwa ameanza mwenyewe, bila piano, bila chochote, na amemaliza. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema tangu azaliwe hajawahi kusikia ukumbi ule ukitulia namna ile.

Nikatoka chini ya meza nikapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Kwa haki kabisa, kisanduku kingecheza, sauti ya Glenys isingesikika hivyo. Nilimweleza Bi Thelma jambo hilo wakati wa chai. Alihamia meza nyingine.

Jumatatu, 23 Oktoba

Asubuhi hii Glenys akinimiminia chai aliniuliza ubeti wa tatu niliuonaje. Nikamwambia ulikuwa bora kuliko yote, hata machozi yalinitoka.

Akaweka birika chini. Akasema wimbo ule una beti mbili tu. Kisha akavaa kofia yake ya jua akatoka bustanini. Mpaka naandika haya hajarudi ndani.

Nimekaa na kufikiri sana. Glenys si mtu wa mitego. Miaka yote ya ndoa yetu hajanitega hata siku moja. Swali lile kuna mtu amemfundisha, na namjua.

Nimeagiza kikompyuta cha pili. Hiki kina kamera, na kitakaa juu ya uzio.