Kona Yangu Irudishwe, Sabufa Itafutiwe Kwake

Ndugu Mhariri,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini kwa umri wangu naipokea kabisa, tusije tukaanza kwa kudaiana heshima.

Mimi ni mama wa mtu anayesoma gazeti lako. Shule niliiacha mapema, tulipofika kwenye hesabu za kugawanya, maana kwetu hapakuwa na cha kugawanya. Lakini kusoma najua na kuandika najua. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, kwa sababu sebuleni sina pa kukaa. Na hilo ndilo lililonileta kwako.

Kila Jumamosi gazeti lako lina ukurasa wa bwana mmoja mnayemwita Mtaalamu wa Sauti. Picha yake nimeiona. Kijana wa miwani, mwenye tabasamu la mtu ambaye kwao hakuwahi kuambiwa nyamaza. Huyu ndiye aliyeandika jinsi ya kuchagua spika na sabufa ili mtu awe na sinema nyumbani kwake. Kwa wazee wenzangu ambao balaa hili halijawafikia, sabufa ni sanduku jeusi lenye tundu moja, na kazi yake ni kunguruma. Halionyeshi picha, haliimbi, habari halitangazi. Linanguruma tu. Waliosema debe tupu haliachi kuvuma hawakujua itafika siku watu watalifuata debe hilo dukani, walibebe kifuani kama mtoto, kisha wawafokee watoto wenyewe wasiliguse.

Mwanangu wa kwanza, ambaye ndiye mwenye nyumba ninamoishi, aliukata ukurasa ule kwa mkasi wangu wa kushonea, akaubandika ukutani. Tangu hapo nyumba hii inatawaliwa na wewe. Mimi nilimzaa, nikamlea, nikamfundisha kufunga vifungo vya shati. Nikimwambia neno huitikia, "Sawa, Mama," kisha akaendelea na yake. Mtaalamu wako hajawahi hata kumpangusa makamasi, lakini neno lake halirudiwi mara mbili. Nikaona nisiendelee kupoteza mate. Ninayoyataka nakuandikia wewe, uyachape, mwanangu ayakute gazetini. Hapo atayatii.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kona. Mtaalamu aliandika kwamba sabufa ikikaa konani inanguruma vizuri zaidi. Nyumba hii ina kona tele. Jikoni zipo, barazani zipo, hata chooni zipo. Lakini iliyofaa ilikuwa moja tu, ile ya sebuleni karibu na dirisha, nayo ilikuwa na mtu. Mtu huyo ni mimi. Pale palikuwa na kiti changu na kapu langu la kufumia. Kutoka pale naliona geti, najua nani kaingia, nani katoka, na nani kaficha nini kwapani. Siku walipoileta hiyo sabufa, mwanangu aliniambia, "Mama, hebu inuka kidogo tupime." Nikainuka kidogo. Ndugu Mhariri, mpaka leo bado wanapima.

2. Mwangwi. Kiti changu kilihamishiwa ukuta wa nyuma kabisa, mbali na dirisha. Kwanza nilidhani ni heshima, kwamba mkubwa akae nyuma awaone wote. Kumbe Mtaalamu alikuwa ameandika kuwa ukuta mtupu wa nyuma hurudisha mwangwi, na kwamba inafaa uwekewe vitu laini, mapazia mazito au mito, vimeze sauti. Mito haikutosha. Siku moja walikuja wageni kuishangaa sinema, na mdogo wake mkwe wangu, binti mwenye adabu, akataka kunipisha mbele nione picha. Mwanangu akaruka, "Hapana, hapana, Mama mwacheni palepale! Akitoka pale sauti inaharibika." Nimeitwa mengi maishani. Nimeitwa mkali, nimeitwa mchoyo, na mkwe wangu ana jina alilonipa ambalo anadhani silijui. Lakini pazia! Mgongo uliobeba watoto, leo sifa yake ni kumeza mwangwi.

3. Vinavyotetemeka. Mtaalamu akaandika tena, "Ondoa sebuleni kila kinachotetemeka." Zikaondoka glasi za wageni. Ikaondoka saa ya ukutani. Kisha ikaja zamu ya mume wangu. Marehemu katika uhai wake sikuwahi kumwona akianguka, hata siku ambazo alikuwa na kila sababu ya kuanguka. Sasa kila wakiweka filamu ya vita, picha yake inashuka kutoka kwenye msumari. Wakaona suluhisho ni kumlaza kwenye droo, kifudifudi, juu ya nyaya. Nami nikakohoa. Si kwa makusudi, ni kikohozi tu, ila kilitokea mtu wa kwenye filamu akiwa anakata roho. Mkwe wangu akageuka, akaniambia kwa adabu zake zote, "Mama, hicho kikohozi ungekipeleka jikoni." Nikakipeleka. Tukakaa huko, mimi na kikohozi changu, mpaka yule mtu akafa vizuri.

4. Hili la nne nimelifuta. Mkwe wangu naye anasoma gazeti.

5. Ukuta. Hapa ndipo penye kidonda, na ukitaka kuruka mengine yote ruka, hili usiruke. Mtaalamu wako aliandika jambo moja tu la akili, kwamba mtu achague spika kwa kuangalia chumba chake, chumba kidogo spika ndogo. Nikasema ahaa, huyu naye ana mama. Mwanangu akaenda dukani na kipimo cha sebule mfukoni. Muuzaji akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akamwambia, "Hizi ndogo ni za watu wanaoanza, mkubwa. Mtu kama wewe?" Maneno hayo mawili, "kama wewe", yameangusha wanaume wengi kuliko pombe. Akarudi na spika ndefu kama walinzi wa benki, moja kila upande wa runinga, nasi tukawa tunapita katikati yake kama watu wanaokwenda kukaguliwa.

Sauti ikakosa pa kwenda. Ikatujaa masikioni, ikajaa kwenye vikombe. Mwanangu akaurudia ukurasa wako, akasoma kuwa spika kubwa zinataka chumba kikubwa. Mtu mwingine angerudisha spika. Mwanangu akaita mwashi.

Mwashi akaja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa, akasikiliza, akasema, "Huu haujabeba kitu. Huu unatoka tu."

Upande wa pili wa ukuta huo, Ndugu Mhariri, ni chumba changu. Nilikuwa ndani, nimekaa kitandani, nikisikia ninavyogongwa. Haujabeba kitu! Umebeba msumari wa nguo zangu. Umebeba kichwa changu ninapolala. Asubuhi magoti yanapogoma, ni huo ukuta ninaoushika ndipo niwe mtu. Nikatoka nikamwuliza mwanangu anafanya nini. Akanishika bega, akanijibu kwa sauti ya upole, ile ya kumbembelezea mtoto anyolewe, "Mama, usiwe na wasiwasi. Hatuondoi chumba chako. Tunaondoa ukuta tu." Ni sawa na kumwambia kuku, hatukuchinji, tunaondoa shingo tu.

6. Haki. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sabufa hii imeshapita siku ya tatu na haijashika hata ufagio. Mimi nasema, iliyochukua kona ya mkubwa ichukue na kazi za mkubwa. Mwanangu na mkewe wakinuniana, wasije jikoni kila mmoja kwa wakati wake kuninong'oneza. Wakapige magoti mbele ya sanduku, liwapatanishe. Mtoto akipata homa, sabufa ikeshe naye. Ndugu wa mbali wakija kuuliza nani ni nani katika ukoo na nani haruhusiwi kumwoa nani, waulize hilo tundu. Mwanangu akiwa na safari, aiinamie aombe baraka, nayo itamngurumia. Na nikifa, ikae mbele ya wafiwa wote, ilie. Kwa hilo sitailaumu. Itawashinda wote kwa kilio, na yeyote anayetetemeka ataondolewa.

7. Ombi. Jumamosi ijayo, palepale kwenye ukurasa wake, pamoja na picha yake na miwani yake, naomba mchape hivi: "Imegundulika kwamba besi hutoka safi zaidi mama akiwa amekaa kwenye kona yake. Imegundulika pia kwamba picha ya marehemu ukutani haidhuru sauti, ila picha ya marehemu kwenye droo huleta mkwaruzo. Na ukuta wa chumba cha mama ndio unaoshikilia sauti yote ya nyumba. Ukivunjwa, spika hufa, na hazina dawa." Usiniambie ni uongo. Mlipochapa kwamba kila nyumba inahitaji sanduku la kunguruma, mlimwuliza nani?

Kama Mtaalamu atakataa kuliweka jina lake hapo, basi aje. Nitampokea vizuri. Nitamkalisha kwenye ukuta wa nyuma, awe pazia kwa filamu moja tu, ya vita, na akikohoa, jikoni ni kule.

Sina mengi, haya yenyewe yametosha kukuharibia siku. Wasalimie wapiga chapa wako, na wanaobeba magazeti alfajiri, hao hawana kosa. Mkewe Mtaalamu, kama anaye, mpe pole yangu na umwambie anakaribishwa mezani kwangu jikoni, kuna kiti. Mama yake Mtaalamu simpi salamu. Yeye namwuliza tu: wewe wamekuhamishia wapi?

Ni mimi, mama wa msomaji wako, ambaye kwa sasa ni pazia.

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua tena, kwa hiyo usishangae bahasha imechanika.

Mwashi amekuja leo asubuhi na nyundo. Nilikaa kitandani nikamwambia avunje, lakini atatuvunja wote, ukuta pamoja na mimi. Ni mtu mstaarabu. Akasema, "Bibi, acha nitoe tofali moja tu uone, ukikataa nalirudisha." Akalitoa. Nikajilaza palepale, nikachungulia. Nikaiona runinga yote. Nikaziona spika, nikaliona dirisha, na kupitia dirishani nikaliona geti. Nimeliona geti nikiwa kitandani, Ndugu Mhariri! Hata konani sikuwahi kuliona nikiwa nimejinyoosha.

Nikakaa nikafikiri. Mwanangu mwenyewe amesema, mbele ya shahidi, kwamba chumba changu hakiondolewi, unaondolewa ukuta tu. Basi chumba changu kipo palepale. Ukuta ukitoka, si chumba changu kinachoingia sebuleni. Ni sebule inayoingia chumbani kwangu. Na chumbani kwa mama mtu hubisha hodi. Hakai mpaka aambiwe karibu. Hafungulii vita mama akiwa amelala, na mimi hulala ninapotaka. Rimoti itakaa chini ya mto wangu, na kitanda kitakaa katikati, pale ambapo Mtaalamu aliandika kuwa ndipo penye sauti tamu kuliko pote.

Nimemwambia mwashi, "Vunja, fundi. Usibakize hata tofali."

Mwanangu anashangilia, anasema hatimaye Mama amekuwa mtu wa kisasa. Mkwe wangu ameelewa kabla yake. Amesimama kati ya zile spika mbili akaanza kukohoa. Nimemwonyesha jikoni.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute, isipokuwa la picha ya marehemu, ambaye nimeshamtoa kwenye droo na anarudi msumarini leo hii. Na Mtaalamu umwulize kwa niaba yangu, anijibu Jumamosi kwa herufi kubwa: sasa ambapo chumba cha mama kimekuwa kikubwa namna hii, sabufa moja kweli itatosha?