Fomu ya Kitu Kilichofichwa

"Kopo lenye nini?"

"Daftari, mzee, na penseli, na—"

"Na umelifukia!"

"Sijalifukia, nimelificha, ni vitu viwili—"

"Mwalimu, ofisi hii haitofautishi kufukia na kuficha!"

"Ndiyo maana nakueleza! Wanafunzi wanashika simu, wanaingiza namba za mahali kopo lilipo—"

"Namba za nani?"

"Latitudo na longitudo! Wanazifuata, wanasaka, wakiliona wanaandika majina yao kwenye daftari. Ramani inaingia kichwani kwa kupitia miguuni. Dunia nzima watu wanacheza—"

"Dunia nzima haina Mkurugenzi wa Elimu kama wetu!"

Kwa hilo mwalimu wa jiografia alikubaliana naye.

Aliyekuwa akifoka upande wa pili wa meza ni Kaimu Mratibu wa Masomo ya Nje ya Darasa. Alikuwa amekaimu miaka kumi na mmoja. Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Ofisini aliitwa Kaimu, kwa kinyozi Kaimu, na hata mkewe akigonga mlango wa bafu alisema, "Kaimu, toka bwana, tunachelewa." Mama mkwe ndiye aliyemchoma zaidi. Alikuwa hajawahi kumwita mwanangu. Alisema atamwita hivyo siku atakapothibitishwa kazini, kwa sasa wanaangaliana tu.

Barua ya kumthibitisha ilikuwepo. Ilikuwa imechapwa, imo kwenye bahasha, na bahasha imo kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, ikisubiri saini moja tu ya Mkurugenzi. Naye Mkurugenzi kila alipopelekewa alisema, "Nionyeshe jambo kubwa kwanza."

Kaimu akamtazama mwalimu. Akalitazama kopo, lililoletwa mezani kama ushahidi, la plastiki, lililowahi kuwa la vidonge vya mafua. Akaliona jambo kubwa.

"Mwalimu," akasema, sauti imelainika ghafla, "mchezo huu hauruhusiwi kabisa. Kwa hiyo tutauzindua."

Wiki mbili hazikuisha, waraka ukatoka. Ulianza hivi: "Ofisi inautangazia umma kwamba, kuanzia leo, kuficha ni huduma." Vikafuata vifungu. Kila kitu kitakachofichwa kiwekewe kibao kinachoonyesha kilipofichwa. Kihimili mvua, na thamani yake isizidi penseli mbili. Mwanafunzi atakayekipata kabla ya muda uliopangwa ahesabiwe hajakipata. Na mwanafunzi yeyote asithubutu kutafuta chochote mpaka kiandikishwe kwenye Fomu ya Kitu Kilichofichwa, fomu igongwe muhuri, isainiwe na Mkurugenzi.

Kaimu aliusoma mara sita, akajipenda.

Kasheshe ikawa kwenye fomu yenyewe. Sehemu ya namba za mahali, baada ya nukta, palikuwa na kisanduku kimoja tu. Simu ya mwalimu ilitoa tarakimu tano.

"Tano za nini?" Kaimu akauliza. "Ofisi yenye nidhamu haitapanyi tarakimu. Kadiria, ibaki moja."

"Mzee, ukizikata hizo nyingine, kopo linahama."

"Kopo lina miguu?"

"Kwenye namba linahama! Hiyo tarakimu ya kwanza inaruka kilomita kumi na moja. Ukiishia hapo hujui uko—"

"Mwalimu, una maneno kama redio ya saluni. Fomu zimeshachapwa elfu nne. Unataka nizichane kwa ajili ya kopo la mafua?"

Mwalimu akajaza kisanduku kimoja. Kopo lenyewe alilificha chini ya benchi la bustani ya ofisi, hatua arobaini kutoka dirisha la Mkurugenzi. Kaimu ndiye aliyepachagua, ili mgeni rasmi asitoke jasho.

Siku ya uzinduzi ikafika. Viti mia mbili, mahema matatu, utepe, mkasi juu ya mto mwekundu. Mkurugenzi akaja na suti ya kijivu na hotuba ya kurasa kumi na tatu. Kwenye ratiba, jambo la nne lilikuwa "Mgeni Rasmi kukipata Kitu". Akakabidhiwa fomu, katibu muhtasi akamwingizia namba kwenye simu, Mkurugenzi akakitazama kioo.

"Kilomita sita," akasema.

Kaimu akashtuka. Benchi alikuwa analiona hapo hapo, jamaa mmoja kalikalia anakula karanga. Lakini nani atamwambia Mkurugenzi kwamba simu yake inamdanganya mbele za watu?

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema. "Jambo kubwa haliwi karibu."

Mkurugenzi akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Akapanda gari, huyo.

Mwalimu akaja mbio, kanga ya begani inaburura. "Mzee! Anakwenda wapi? Kopo si lile pale!"

"Punguza sauti. Muda wake wa kuonekana bado."

Ikapita saa moja. Ikapita ya pili. Bendi ya shule ilikuwa na nyimbo mbili, na zote zilishapigwa mara tisa. Mshereheshaji alishawatambulisha wageni, akamaliza, akaanza kutambulisha viti. Ndipo simu ya Kaimu ikalia. Dereva.

"Bosi, mzee kaingia kwenye matete."

"Matete yapi?"

"Ya bwawa, nyuma ya kiwanda cha matofali. Kaniambia nisimfuate, anaongozwa na simu. Nimepiga honi mpaka inakohoa. Na simu yake sasa haipatikani, chaji imekata."

Kaimu akalishika koti lake kifuani. Aliiona ile barua inazama bwawani ikiwa mfukoni mwake. Alimwona mama mkwe anashika kiuno. Akageuka, akawaona wanafunzi wa kidato cha pili wamekaa kwenye nyasi na simu zao mbili za darasa, mbele yao kiranja wao, binti mwembamba mwenye sauti kavu kama ya karani wa mahakama.

"Wanangu! Mkurugenzi amepotea. Inukeni, mkamtafute!"

Hakuinuka mtu.

"Haturuhusiwi, mzee," kiranja akasema, akaufungua waraka. "Kifungu cha nne. Tusitafute chochote kabla hakijaandikishwa."

"Huyu si kitu, ni Mkurugenzi!"

"Basi tunaomba fomu ya wakurugenzi."

"Haipo!"

"Ipo ya vitu."

Kaimu akamgeukia mwalimu amwokoe. Mwalimu alikuwa anatazama mawingu kwa makini ya kitaalamu.

Fomu ikaletwa. Kiranja akasoma, Kaimu akajibu.

"Aina ya kitu?"

"Mkurugenzi."

"Rangi?"

"Kijivu. Suti hiyo, usiandike mtu."

"Kinahimili mvua?"

Kaimu akafikiri. "Kiasi."

"Thamani yake inazidi penseli mbili?"

Hapo Kaimu akapiga hesabu. Akisema inazidi, kitu hakikidhi vigezo. Akisema haizidi, watu mia mbili wamesikia.

"Mzee, nasubiri."

"Haizidi," Kaimu akanong'ona.

"Sijasikia."

"Haizidi, binti! Haizidi! Andika!"

Chini ya mahema mtu mmoja akapiga makofi, akaacha.

"Saini ya Mkurugenzi?"

Kaimu akaweka yake mwenyewe, akatanguliza "kwa niaba ya", akagonga muhuri. Kwa mujibu wa taratibu zote, Mkurugenzi sasa alikuwa amefichwa rasmi.

Wakapanda pikapu ya shule, mwalimu mbele, Kaimu nyuma kabisa, kakumbatia tairi la akiba. Njiani kiranja akaingiza namba za fomu vilevile zilivyokuwa, na kisanduku kimoja.

"Namba hizo si sahihi, mwanangu!" Kaimu akalia. "Mwalimu alisema!"

"Si sahihi kwa kopo. Kwa mzee ni sahihi kabisa. Simu ikimwambia amefika, atasimama papo hapo. Mkubwa haondoki mahali alipoambiwa ndipo."

Dereva wa Mkurugenzi aliwaonyesha pa kuingilia. Wakaingia wawili wawili, simu mbele, wanahesabu kwa sauti. Mita mia mbili. Mita tisini. Kiatu cha kushoto cha Kaimu kikabaki kwenye tope, akakisamehe. Mita kumi. Kiranja akainua mkono, akayatenga matete taratibu, kama mtu anayefungua pazia la chumba cha mgonjwa.

Mkurugenzi alikuwa amekaa juu ya jiwe. Suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu majini, tai imetundikwa kwenye tete. Chura alikuwa amekaa kwenye hotuba, na hakuna aliyemfukuza.

"Tumempata!" darasa zima likapiga kelele.

"Sh," Mkurugenzi akasema. "Mnamtisha."

Kwa kuwa hapakuwa na daftari, wakaandika majina yao nyuma ya hotuba, ukurasa wa pili mpaka wa sita, chura akasogezwa kwa adabu. Kaimu hakungoja wamalize. Akapiga magoti kwenye tope, akatoa bahasha.

"Mheshimiwa, pole sana. Jambo kubwa ndilo hili. Saini moja tu, mheshimiwa. Nina mama mkwe."

Mkurugenzi akaipokea barua, akaomba penseli ya kiranja, akaisoma yote. Kaimu aliishikilia pumzi yake kama mtu anayepigwa eksirei.

"Nikisaini hii," Mkurugenzi akasema, "wewe siyo kaimu tena."

"Siyo tena, mheshimiwa!"

"Na aliyethibitishwa mahali pake haruhusiwi kukaimu pengine. Waraka wangu mwenyewe."

"Ndivyo, mheshimiwa. Waraka mzuri sana."

Mkurugenzi akatikisa kichwa polepole, akalipima hilo. Mahali fulani mbali honi ilikohoa. Akamgeukia kiranja.

"Binti, mkishakipata kitu kwenye mchezo wenu, mnakipeleka wapi?"

"Hatukipeleki popote, mzee. Tunakiacha palepale kama kilivyokuwa, tunaondoka kimya."

"Humwambii mtu?"

"Ukimwambia umeharibu mchezo."

Mkurugenzi akamtazama mwalimu wa jiografia. Mwalimu akathibitisha kwa kichwa, ndivyo anavyofundisha. Basi Mkurugenzi akaikunja barua bila kuisaini, akamrudishia Kaimu, akamwekea na funguo za ofisi juu yake, na miwani ya kusomea mafaili.

"Saa kumi kuna kikao," akamwambia. "Kesho viwili. Mimi ninaumwa, au nimesafiri, utajua mwenyewe. Nenda ukakaimu."

Kaimu akavikumbatia vyote kama tairi la akiba.

Mkurugenzi akarudisha miguu yake majini, akajikalisha vizuri juu ya jiwe, akawatazama wanafunzi kwa unyenyekevu ambao ofisi nzima ilikuwa haijawahi kuuona.

"Wanangu," akasema, "nawaombeni sana, nirudishieni hayo matete kama yalivyokuwa."