Betri Tatu, Harusi Moja

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu mwenzangu wa zamani amehama na kuniachia kidege chake cha kupiga picha angani. Betri tatu, chaja mbili, rimoti moja. Zawadi ya maana. Jumamosi binti wa mdogo wangu anaolewa. Nimemwahidi harusi yake itaonekana kutoka mawinguni. Amefurahi, akampigia simu mpiga picha wake na kumwambia asije. Akasema, Baba Mkubwa, usiniangushe. Mimi?

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, huvaa kamera yake kuukuu shingoni hata akienda kunyolewa. Aliniuliza kama najua kukirusha. Nilimkumbusha kwamba nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Akasema hakuuliza hilo.

Jumanne, 4 Juni
Kwa fundi simu, kuuliza jambo dogo. Nikahutubiwa. Alisema hizi ni betri za lithiamu polima, si za tochi. Zikikasirika hazionyi mara mbili. Akaniandikia masharti nyuma ya boksi la simu. Waya mdogo mweupe uchomekwe daima, maana ndio unaosawazisha seli. Umeme usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye betri. Betri ikitoka kazini ipoe kwanza. Ichajiwe ndani ya chungu chenye mchanga, mbali na mapazia. Isiachwe peke yake. Ikivimba, isichajiwe tena kamwe.

Nilimshukuru. Nimemfundisha baba yake. Naye alikuwa mwoga.

Jumatano, 5 Juni
Betri ya kwanza. Waya mdogo nimeuacha. Waya mkubwa upo, wa nini mwingine? Chaja ilitaka saa nzima. Nikapandisha umeme mara tatu ili imalize kwa dakika ishirini. Hesabu sahihi kabisa. Betri haikuijua hesabu. Imevimba kama mto wa kulalia.

Mke wangu aliuliza ina miezi mingapi. Nimeilaza chini ya kamusi na pasi ya mkaa ili inyooke. Shemeji alipita, akaona, akapiga picha. Sikumwuliza ni ya nini.

Alhamisi, 6 Juni
Betri ya pili. Nilirusha kidege uwanjani. Dakika nne za fahari, kisha kikatua chenyewe katika karakana ya seremala. Betri ilikuwa ya moto. Nikakumbuka sharti la kupoa. Nani asemaye sisikilizi? Nikaiweka kwenye friji, kando ya maziwa. Baada ya nusu saa nikaitoa ikitiririka maji na kuichomeka papo hapo. Ikatoa mlio kama wa panya, ikazima moja kwa moja.

Zimebaki mbili, nikiihesabu iliyo chini ya kamusi. Naihesabu.

Ijumaa, 7 Juni
Mama mkwe hushinda barazani akichambua maharage. Nikaona ndiye mlinzi anayefaa. Nikaweka betri ya tatu ndani ya chungu cha maua cha mke wangu, kwenye mchanga, nikamwomba aite ikitoa moshi. Aliuliza kwa nini kitu cha kutoa moshi kinawekwa kando ya mkongwe, si kando ya mwenye nacho. Nikasema nina shughuli. Akadai karatasi ya fundi, akavaa miwani, akaisoma yote. Akanirudisha kuchomeka waya mweupe. Kisha akanirudisha kupunguza umeme. Nikatii, kwa sababu ya umri wake.

Shughuli yangu ilikuwa sebuleni: ile ya kwanza, iliyokwisha kunyooka vizuri, nikaichaji kwenye kochi. Nilitoka dakika moja kutafuta miwani. Niliporudi kochi lilikuwa linafuka moshi mweusi. Nikaita. Mama mkwe akaja na chungu, betri nzima kaitoa kwanza na kuiweka sakafuni, akaumwaga mchanga wote juu ya moto. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mwanawe alichumbiwa na watu wengine pia.

Jumamosi, 8 Juni
Betri ya mama mkwe ilijaa barabara. Sikuona haja ya kulitangaza hilo.

Betri ikijaa, kidege kinaruka dakika kumi na mbili. Bibi harusi alichelewa dakika ishirini. Shemeji alikuwa amesimama langoni, kamera shingoni, akinitazama kwa huruma. Nikaona nimwonyeshe mapema kazi inavyofanyika. Nikazunguka juu ya hema, juu ya gari la maharusi likiwa bado barabarani, juu ya upara wa shemeji mara nne. Gari lilipofunguliwa mlango, kidege kilishuka juu ya paa la hema na kulala hapo.

Harusi yote ameipiga picha shemeji. Mwanangu anazo kumbukumbu, hakuangushwa. Ila si mimi niliyemdaka. Wanasema picha iliyopendwa zaidi ni yangu, niko juu ya ngazi nikikifuata kidege, miguu hewani, naye bibi harusi chini akicheka hadi shela limemwanguka. Amesema ataitundika ukutani. Aliniuliza kama nimeumia. Kiburi hakifungwi bandeji.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari kwa kina. Kosa ni moja: betri zilikuwa ndogo. Mdogo wake bibi harusi anaolewa Desemba. Seremala ana betri ya baiskeli ya umeme, kubwa kama tofali, imevimba kidogo tu upande mmoja. Ameniachia bila masharti, jambo ambalo fundi simu angejifunza kwake.

Ili mama mkwe asiione, nimeichomeka chini ya kochi, upande usioungua. Karatasi ya fundi nayo imepata kazi: nimeikunja mara nne na kuitia chini ya mguu wa kochi ulioliwa na moto. Sasa halichezi. Naandika haya nikiwa nimelikalia, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Kuna joto linalonipanda mgongoni.

Bila shaka ni jua la dirishani.