Kichupa cha Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu, utakumbuka lini kuna bibi? Miezi minne hujaja! Daftari uliniachia wewe, herufi ukanifundisha wewe, kisha ukaniyeyukia kama sukari kwenye chai ya moto. Haya, ukija, kaa usome.

Zahanati. Presha juu tena. Nesi akanizungushia futi kiunoni. Nikavuta tumbo ndani, nikabana pumzi, presha ikazidi kupanda. Daktari kasema mwili wangu umekuwa kiziwi: insulini ipo tele, inapiga hodi, mwili haufungui, sukari inabaki nje. Uziwi huo ukishikana na presha, wanaoumia ni figo, moyo na macho. Anataka damu kabla sijala, na mkojo wa asubuhi, aone kama figo zimeanza kuvuja. Zikivuja, mama yako ataitwa. Mama yako! Atanihamishia kwake, nile vya kuchemsha bila chumvi mpaka nife. Sitaki.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata njia. Wifi! Dada wa marehemu babu yako, naishi naye ukuta kwa ukuta. Mwembamba kama ufagio, hajawahi kumeza kidonge, na hapiti siku bila kunikumbusha. Figo zake si mpya kabisa? Nikamwambia mboga zangu uani zimeingia wadudu, na hakuna kinachowaua kama mkojo wa asubuhi wa mtu mwembamba. Akavimba kwa sifa. Akauliza kama kopo moja litatosha.

Jumatano, 5 Machi
Damu nimetoa yangu, sindano haina ujanja. Kichupa ni cha wifi. Nesi kakipokea bila neno. Nimerudi natembea kama bibi harusi. Mkojo uliobaki nimeumwagia mboga, nisionekane mwongo.

Ijumaa, 7 Machi
Makubwa! Damu: kiziwi kweli, na mafuta mabaya yameyazidi mazuri mbali sana. Hayo niliyajua. Lakini mkojo! Daktari kavua miwani. Protini imejaa, figo zinavuja, pengine miaka. Akanishika mkono, akanipa pole. Nusura nimwambie pole ile ina mwenyewe.

Nyumbani nikamkuta wifi anachambua mchele, anaimba. Nikamtazama miguu. Imevimba, mikanda ya ndala imeacha mifereji. Macho yangu yalikuwa wapi siku zote? Akanichokoza: mnene kanuna, kanyimwa sukari? Nikakaa nikamsaidia kuchambua mchele. Mimi!

Jumamosi, 8 Machi
Nikisema, nitachekwa mpaka kaburini, na mama yako atasikia. Nisiposema, nitabaki na nani wa kugombana naye?

Nikasema. Yote, hata wadudu. Wifi akaniita mwizi wa mikojo. Akacheka. Kisha akauliza, polepole, mboga zinaendeleaje. Nikasema zimekauka. Hapo ndipo alipolia. Tukalia wote, yeye ananisonya huku kanishika kanga.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemburuta zahanati, nikakiri kichupa kilikuwa chake. Presha mia moja tisini na tano kwa mia moja na kumi! Imemtafuna kimya kimya, mwenyewe anaimba. Daktari kasema figo zimeumia, hazijafa. Vidonge kuanzia leo, chumvi basi, tutazuia zisiharibike upesi. Nikashusha pumzi iliyonikaa kifuani tangu Ijumaa.

Kisha kanigeukia mimi. Nesi kasimama mlangoni mwa choo mpaka nikamaliza. Fedheha!

Jumatano, 12 Machi
Mkojo wangu safi! Wifi kanuna. Lakini kiziwi ni kiziwi: sukari nipunguze, nitembee, nirudi Juni kwa vipimo vyote upya. Asubuhi tunameza vidonge pamoja. Namkodolea macho mpaka ameze, naye ananifichia sukari. Mama yako kasikia, kasema nibaki, mradi wifi anisimamie. Nisimamiwe na ufagio!

Nimeapa mbele ya daktari na wifi sitadanganya tena. Ila nimeulizia: Juni kutakuwa na nesi mwingine. Na figo zangu ni safi leo, za Juni nani anazijua? Wewe ni kijana, na miguu yako naikumbuka, haikuwa imevimba. Kwa hiyo ukija Juni, njoo asubuhi na mapema, tumbo tupu, na usipitie chooni popote njiani.